Nukta Nyekundu kwenye Mstari wa Kijani

Watu wa ofisi ya maji walimwita Mama Wadudu, na mwanzoni hawakumwita hivyo kwa wema. Lilikuwa jina la kumcheka mwanamke mnene wa miaka hamsini aliyerudi ofisini na mabuti ya mpira yanayochuruzika, akiacha nyayo za tope kwenye sakafu ambayo miaka michache nyuma yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiipiga deki. Basi naye akalipokea jina kama mtu anavyopokea zawadi. Aliliandika kwa herufi kubwa kwenye mlango wa chumba chake, na wachekaji wakaishiwa.

Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya ndoo na mafagio, mwisho wa korido, dirisha moja lisilofunguka. Humo aliweka meza, taa ya kupinda shingo, sinia nyeupe ya plastiki, kibano, na rafu zilizojaa chupa ndogo za dawa ya kikohozi zilizosuguliwa mpaka zikang'aa. Kila chupa ilikuwa na spiriti, wadudu waliotulia ndani yake, na kikaratasi kilichoandikwa kwa penseli, kwa sababu wino huyeyuka kwenye spiriti na penseli haiyeyuki. Hilo alilijua baada ya kuharibu vikaratasi vya chupa sita mwaka wa kwanza, na kila mgeni aliyeingia humo alielezwa habari hiyo kabla hata ya kukaribishwa kiti.

Alifikaje huko? Aliajiriwa kuosha vyombo vya maabara. Shule aliiacha kabla ya kumaliza sekondari, si kwa kukosa akili, ni kwa kukosa mtu wa kumwangalia mama yake mgonjwa. Siku moja akaja mtafiti kutoka mbali, na wavu, na karatasi kubwa yenye picha za wadudu wa mtoni, akawafundisha wafanyakazi wa ofisi wiki nzima. Wafanyakazi wakasaini mahudhurio, wakanywa chai, wakapigwa picha na vyeti vyao. Mtafiti alipoondoka tu, wavu ukatupwa stoo. Lakini mwanamke aliyekuwa akifuta ubao kila jioni alikuwa amesikiliza neno kwa neno, na kabla ya kufuta alikuwa akinakili. Mwezi uliofuata aliomba ruhusa ya kuuchukua wavu. Wakamwambia achukue, wakidhani anataka kuvulia dagaa.

Hesabu ya kazi hiyo haimshindi mtoto wa darasa la nne, na hilo liliwaudhi sana wenye digrii. Vidudu wanaoishi chini ya mawe ya kijito hawalingani uvumilivu. Wapo wenye madeko, wasiotaka hata harufu ya uchafu. Hao hupewa alama kumi. Wapo wa katikati. Na yupo mnyoo mwembamba mwekundu anayeweza kuishi kwenye tope la mtaro na akanenepa. Huyo hupewa moja. Unaingia majini, unavuruga mawe kwa miguu dakika tatu kamili huku wavu ukisubiri upande maji yanakoelekea. Unamwaga ulichopata kwenye sinia, unaangalia ni aina ngapi zimo. Jumlisha alama za aina hizo, gawanya kwa idadi ya aina. Basi. Ukipata saba, kijito ni kizima. Ukipata nne, kinaumwa. Ukipata mbili, usimwogeshe humo hata mbwa.

"Lakini tuna mashine ya kupima maji," mkemia mmoja alimwambia, wakati huo bado wanamcheka.

"Mashine yako inakwambia habari za maji ya leo saa nne asubuhi," Mama Wadudu alimjibu. "Ya jana yameshapita. Mdudu wangu amekaa humo miezi. Wakijua kesho kuna ukaguzi watasafisha maji, sawa. Na wadudu watawaleta kwa lori?"

Kila alama aliyoipata aliiweka nukta kwenye karatasi ya grafu, na nukta akaziunga kwa mstari. Vijito vilikuwa kumi na tatu, kila kimoja na rangi yake, vipimo viwili kwa mwaka, kiangazi na baada ya mvua. Karatasi zilipoisha aliunga nyingine kwa gundi ya utepe, mpaka mwaka wa kumi na mbili grafu ilikuwa imetoka chumbani, imepita mlango wa mhasibu na inakaribia choo cha wanaume. Watu wakaanza kusimama mbele yake. Wakubwa wakaleta wageni. Mhandisi, kijana mwembamba asiyependa kula mchana, aliyekuwa bosi wake wa tano na wa kwanza kumwamkia, alikuwa akiwaambia wageni kwamba ukuta ule una thamani kuliko ofisi nzima. Mama Wadudu aliyasikia hayo akiwa chumbani, akajifanya anatafuta kibano.

Mstari alioupenda kuliko yote ulikuwa wa kijani. Hicho kilikuwa kijito kinachopita nyuma ya kiwanda cha sabuni, kisha kwenye bustani za mboga, kisha chini ya daraja ambako watu hufua. Miaka mitatu iliyopita kilikuwa na alama mbili nukta tisa. Bodi ya maji ikakiamuru kiwanda kichimbe mabwawa matatu ya kutuliza uchafu, na kila mwezi yakaguliwe, mpaka kijito kipate sita au zaidi misimu mitatu mfululizo. Tangu hapo mstari ukaanza kupanda. Tatu nukta nne. Nne nukta moja. Tano nukta mbili. Sita kamili. Sita nukta moja. Mama Wadudu aliutazama ule mstari kama mzazi anavyomtazama mtoto aliyechelewa kutembea, kila hatua akitaka kupiga makofi.

Kipimo cha tatu kilileta sita nukta tatu. Aina kumi, jumla sitini na tatu. Alipiga kelele mpaka mhasibu akaja mbio akidhani kuna nyoka.

"Umeona, Mama?" Mhandisi alisema akiitazama nukta mpya. "Jumanne bodi inakaa. Kiwanda kitaondolewa amri yake, na mimi nitawaomba wakubali njia yako itumike kwenye mito yote tunayoisimamia. Yote, Mama. Andaa picha kubwa za wadudu, wazee wa bodi hawasomi maandishi madogo."

Kwa hiyo Jumapili ile Mama Wadudu alikuwa nyumbani na chupa ya kipimo kile, karatasi kubwa imetandazwa mezani, anachora. Mumewe alikaa pembeni. Alikuwa fundi saa, mwenye kibanda cha vioo sokoni, na hiyo lenzi ya jichoni ambayo mkewe alihesabia wadudu miaka yote ilikuwa yake. Hata ile saa ya kupimia dakika tatu ni yeye aliyeifufua kutoka kwenye kopo la saa mbovu. Siku hizi jicho lake la kulia lilikuwa limeingia ukungu, na la kushoto lilianza kufuata. Saa za kike zenye skrubu kama chembe za mchanga alikuwa akizikataa, eti hazilipi. Mkewe alijua ukweli, na alikuwa hajamwambia kwamba anajua.

"Nipe na mimi niwaone hao wapenzi wako," mzee alisema. "Miaka kumi na mbili nasikia sifa zao tu."

Akamwekea mmoja kwenye kisahani, kidudu bapa chenye mikia mitatu, cha alama kumi. Mzee akabana lenzi kwenye jicho la kushoto, akainama, akatulia. Akakigeuza kwa ncha ya sindano, polepole, kwa mkono uliozoea vitu vidogo.

"Huyu mbona yuko wazi mgongoni?"

"Wazi vipi?"

"Amefumuka katikati, kama suruali iliyoachia mshono. Na ndani hamna kitu." Akaugusa tena ule mwili mdogo, ukabonyea. "Bibie, hili ni kasha la saa. Mashine imeshatolewa."

Mama Wadudu alicheka. Alicheka kwanza kwa sababu mumewe alikuwa mtu wa mizaha, na pili kwa sababu moyo wake ulishaelewa kabla ya kichwa. Kisha akaichukua lenzi.

Vidudu hao hukua kwa kuvua ngozi. Ngozi inayoachwa ina kila kitu: miguu, mikia, hata mahali pa macho. Kasoro yake ni moja tu, haina mwenyewe. Kwenye sinia ya maji ya mtoni kuitambua si kazi, mdudu huzama na kutambaa, ngozi huelea na kuzunguka ovyo. Lakini ukiiloweka kwenye spiriti, inajaa, inazama, inalala chini pamoja na wengine kama maiti halali. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwaonya wageni: hesabu kwanza kwenye sinia, ndipo utie chupani. Na siku ya kipimo kile wingu la mvua lilikuwa limetanda, akaogopa radi, akamwaga kila kitu moja kwa moja kwenye chupa na kuhesabu kesho yake ofisini. Lilikuwa kosa ambalo mtu mwingine mjini asingeweza kulifanya, kwa sababu hakuna mwingine aliyejua kwamba kuna kitu hapo cha kukosea.

Akawatoa wote kumi, aina moja moja. Wawili wa mikia mitatu na mmoja wa mikia miwili walikuwa makoti matupu. Maji ya mvua yaliyachukua kutoka juu, kabla ya kiwanda, ambako kijito bado ni kizima, yakaja kujikusanya kwenye wavu wake. Kumi, na kumi, na tisa. Akaziondoa. Wakabaki mjenzi wa vinyumba vya mchanga, tunutu wa kereng'ende, kaa mdogo, mende wa maji, konokono, ruba na mnyoo mwekundu. Saba, jumla thelathini na nne. Aligawanya mara tatu, na mara zote tatu jibu lilikuwa nne nukta tisa.

Alilia. Kilichomliza si kukosea, alishawahi kukosea. Kilichomliza ni kwamba aliijua sababu. Alitaka ule mstari upande, akaona alichotaka kukiona. Angekuta makoti yale kwenye kijito kingine angeyatilia shaka mara moja.

"Utafanyaje?" mumewe aliuliza.

"Kesho nitarudi mtoni nihesabu upya. Ikiwa kweli kimeanguka, Jumanne nitasema."

"Unaweza kumwaga unga, ujue."

"Unga wenyewe vibaba viwili," alisema, akajifuta pua. "Hata nikiumwaga hautachafua sakafu."

Mzee akacheka, akamshika bega. Kisha akasema jambo ambalo mkewe hakulitarajia. "Jicho langu likiisha kabisa, bibie, nisingependa liwe limeisha bure. Angalau leo limeona kitu."

Jumatatu asubuhi Mama Wadudu aliingia majini chini ya kiwanda. Mawe yalikuwa na utelezi wa kijivu, na povu jembamba limekwama kwenye mizizi. Dakika tatu kwa saa ya mumewe. Akahesabu papo hapo kwenye sinia, jua limeshachomoza, kila mdudu akitambaa kwa miguu yake. Aina nane, jumla thelathini na saba. Nne nukta sita. Akapanda ukingo mpaka kwenye uzio wa kiwanda, akachungulia. Mabwawa matatu yalikuwapo, yamejengwa vizuri, hakuna wa kuyalaumu. Ila yalikuwa yamejaa tope hadi mdomoni, hayajazolewa miezi, na maji machafu yalikuwa yakiteleza juu yake kama yanapita kwenye meza na kwenda zao kijitoni.

Mhandisi alipoelezwa, alikaa. Hakukasirika, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Mama, nisikilize. Siombi udanganye. Naomba tuseme kipimo cha msimu huu kimeahirishwa, tutapima tena. Kwisha."

"Na hiyo nukta ya ukutani?"

"Tutaibandua. Mama, ukisimama mbele ya bodi ukasema ulihesabu ngozi, unajua Meneja wa kiwanda atasema nini? Atasema miaka yote kumi na mbili ni ngozi. Mito yote kumi na mitatu. Na mimi sitakuwa na jibu la kumpa. Si wewe tu utakayeanguka, ni ukuta mzima."

Kijana alikuwa amesema kweli. Ukuta ule ulikuwa maisha yake. Bila ule ukuta, yeye alikuwa muosha vyombo mwenye mabuti. Mama Wadudu alitoka, akasimama kwenye korido mbele ya mstari wa kijani, watu wakimpita na mafaili yao. Alisimama muda mrefu kiasi kwamba mhasibu alimletea kiti bila kuuliza.

Aliporudi alisema, "Mwanangu, chupa ninazo."

"Chupa zipi?"

"Zote. Mia tatu na kumi na mbili. Sijawahi kumwaga hata moja. Anayesema ni ngozi, aje ahesabu."

Mhandisi alishika tama. Kisha akainuka kwenda kutafuta makasha ya kubebea.

Chumba cha bodi kilikuwa na meza ndefu ya mbao inayong'aa na viti vinavyozunguka, na Mama Wadudu aliingia humo amevaa viatu vya kanisani vinavyombana. Mwenyekiti alikuwa muuguzi mstaafu, mama mwenye nywele nyeupe na miwani iliyofungwa kamba shingoni. Meneja wa kiwanda alikaa mwishoni, suti safi, tabasamu la mtu anayengoja kupongezwa. Makasha ya chupa yalipangwa ukutani, na watu waliyatazama wakidhani ni soda.

Hakuzunguka. Alisema jina la kijito, alisema sita nukta tatu, kisha akasema, "Hiyo namba si kweli, na niliyekosea ni mimi." Akaeleza makoti. Akaeleza mvua, na chupa, na kwamba aliruka hatua anayowafundisha wengine. Akaeleza kipimo cha jana na mabwawa yaliyojaa. Mwisho akasema, "Nilikuwa nataka kipone."

Meneja hakungoja hata akae.

"Mwenyekiti, kwa heshima zote. Huyu mama anatuambia kwa mdomo wake kwamba hajui kutofautisha mdudu na ganda la mdudu. Miaka mitatu tumetumia fedha kwa sababu ya nukta zake. Mbili nukta tisa ya mwanzo nayo ilikuwa nini? Maganda? Leo akitaka inapanda, kesho akitaka inashuka. Hii si sayansi, hii ni ramli."

Mhandisi alifumba macho, kwa sababu ndivyo alivyotabiri, karibu neno kwa neno.

"Bwana Meneja," Mama Wadudu alisema, "chagua chupa."

"Naam?"

"Chupa yoyote, mwaka wowote, kijito chochote. Zipo mia tatu na kumi na mbili hapo. Chagua, hesabu wewe mwenyewe. Mimi sitaigusa. Daftari langu lishike Mwenyekiti, lisifunguliwe mpaka umalize."

Watu wakaanza kugeuza viti. Meneja alitaka kukataa, lakini macho yote yalikuwa juu yake, na mwanamume wa suti hawezi kukimbia chupa ya dawa ya kikohozi. Akajikaza kisabuni, neno ambalo Mhandisi alilirudia kwa wiki nzima baadaye kwa furaha isiyo ya kiungwana. Akanyoosha mkono kwenye kasha la nyuma kabisa, akatoa chupa ya miaka saba iliyopita, ya kijito cha upande mwingine wa mji.

Mama Wadudu akamwekea kisahani, kibano, karatasi ya picha, na lenzi ya mumewe. "Anayekaa ndani ya ngozi yake ana nyama," alimwambia. "Mbonyeze kidogo. Akirudi, yumo. Akibonyea moja kwa moja, hayumo."

Ilimchukua nusu saa. Mwanzoni alikuwa akivuta midomo kwa karaha. Baadaye akavua koti. Baadaye tena akawa anainama mpaka tai inaingia kwenye spiriti, anauliza, "Huyu mwenye nyumba ya mchanga ni yule wa nane?" na mama yule anamjibu, "Soma picha, Bwana, mimi simo." Wajumbe wawili waliacha viti vyao wakaja kumsimamia begani. Hakuna aliyekwenda kunywa chai.

"Aina kumi," Meneja alisema hatimaye, akipangusa jasho. "Jumla hamsini na tano. Tano nukta tano."

Mwenyekiti akafungua daftari, akapandisha miwani. "Hapa pameandikwa aina tisa. Hamsini na mbili. Tano nukta nane."

Meneja akaegemea kiti. Mhandisi akatazama sakafu.

Mama Wadudu alikwenda mezani, safari hii akaomba lenzi. Akapekua kisahani taratibu, akafika kwenye kidoa kimoja cheusi kilichojikunja nyuma ya kinyumba cha mchanga, kidogo kuliko punje ya ulezi. Akakinyoosha kwa sindano.

"Ruba," alisema. "Alama tatu. Sikumwona." Akamtazama Meneja, na uso wake haukuwa na aibu hata kidogo, ulikuwa na furaha ya kweli, furaha ya fundi aliyeonyeshwa kitu na fundi mwenzake. "Miaka saba huyu amejificha humu. Una jicho zuri sana, Bwana Meneja. Asante."

Akaomba daftari, akatoa kalamu nyekundu mkobani, akakata tano nukta nane kwa mstari mmoja ili iendelee kusomeka, akaandika tano nukta tano, na pembeni akaandika tarehe na maneno: *Imesahihishwa na Meneja wa kiwanda cha sabuni.* Akamgeuzia daftari aweke sahihi.

Meneja alikaa na ile kalamu mkononi. Watu waliokuwapo walisema baadaye kwamba hapo ndipo uso wake ulipobadilika. Alitia sahihi. Halafu, bila kuombwa, akanyoosha mkono kwenye kasha akatoa chupa nyingine, na hiyo akaihesabu kwa haraka zaidi. Aina nane, arobaini na moja, tano nukta moja. Daftari lilisema tano nukta moja.

"Nimefanya kazi wodini miaka thelathini na tano," Mwenyekiti alisema. "Chati ya joto la mgonjwa ikiwa safi sana, haina mahali palipofutwa, mimi nilikuwa naiogopa. Nilijua kuna muuguzi aliyeijaza akiwa amekaa." Akamgeukia Meneja. "Yale mabwawa yamejaa au hayajajaa?"

Meneja alikunja mikono ya shati, akaikunjua.

"Yamejaa," alisema. "Tulijua amri inaondolewa."

Amri haikuondolewa. Mabwawa yakapewa mwezi mmoja kuzolewa. Kuhusu njia ya Mama Wadudu kutumika kwenye mito yote, bodi haikukubali siku hiyo, ilisema kwanza chupa zote zirudiwe. Basi akazirudia, mia tatu na kumi na mbili, miezi minne, akianza asubuhi na kumaliza macho yanapomwaga maji. Alikuta makosa tisa, yote madogo, mengine ya kuupunja mto na mengine ya kuupendelea. Yote akayatia nyekundu. Mwaka uliofuata bodi ikakubali, na leo wapo vijana wa mito ya mbali wanaokuja kusoma kwenye ile stoo, na jambo la kwanza wanalowekewa kwenye kisahani ni koti tupu. Wengi huliandika kumi. Yeye huwaacha waandike, kisha huwapeleka koridoni kuwaonyesha nukta kwenye mstari wa kijani, sita nukta tatu, imekatwa kwa nyekundu na haikufutwa, na chini yake kwa mkono wake: *Hapa nilihesabu koti.*

Mhandisi alishamwomba mara mbili apake rangi hapo, maana wageni huuliza. Alikataa mara zote mbili, ya pili kwa ukali.

Mstari wa kijani ulichukua miaka miwili kurudi ulikokuwa. Tano. Tano nukta tatu. Tano nukta nane. Kipimo cha nne kilipokaribia, macho ya mumewe yalikuwa yamekwisha. Kibanda cha sokoni alikuwa amekifunga, na saa alizokuwa hajazimaliza aliwarudishia wenyewe, mmoja mmoja, akiwaomba radhi. Nyumbani alikuwa mkimya, na mkewe, aliyezoea kumwambia anyamaze kidogo, alitamani amsikie akitania.

Asubuhi ya kipimo alimshika mkono wakaenda wote kijitoni. Akamkalisha kwenye jiwe pana, miguu karibu na maji, akamkabidhi saa ya dakika tatu ambayo sasa aliisoma kwa kidole, kioo kimetolewa. Mzee akapaza sauti, "Anza!" Akapaza sauti, "Basi!" Kisha akamsikia mkewe akimwaga maji kwenye sinia, halafu hakumsikia tena.

"Vipi?" aliuliza. "Imekuwaje?"

Alikuwa amepiga magoti, anahesabu, anarudia. Alikuwa anaogopa, na alikuwa anajua anachokitaka, na kwa sababu hiyo hakuyaamini macho yake. Akachota kidudu kimoja bapa chenye mikia mitatu pamoja na maji kidogo, akamkunjulia mzee kiganja, akammiminia.

"Niambie wewe," alisema.

Mzee akatulia, kichwa kimeinama upande, kama alivyokuwa akisikiliza saa. Maji yalikuwa ya baridi. Ndani ya maji hayo kitu chepesi kikajikunyata, kikajinyoosha, kisha kikaanza kupanda kwenye mstari wa kiganja chake kwa miguu sita, kikimtekenya.

"Yumo," alisema, akaanza kucheka. "Bibie, huyu mashine imo! Andika!"